Mchanga Hauna Akiba: Kulisha Tuta la Mboga Dar es Salaam

Chota kiganja cha udongo kutoka kina cha sentimita 10, kilowanishe kidogo, kifinye, kisha jaribu kukiviringisha kiwe kama penseli. Kikimong'onyoka hata kabla ya kuwa donge, bustani yako ni ya mchanga, kama ilivyo sehemu kubwa ya Kigamboni na Mbagala. Kikiviringika na kupindika bila kukatika, uko kwenye mfinyanzi wa bondeni. Rudia kwenye pembe zote nne na katikati, maana Dar es Salaam hatua ishirini zinatosha kukutoa kwenye udongo mmoja na kukuingiza kwenye mwingine, hasa pale kiwanja kilipojazwa kifusi.

Maelekezo haya ni ya mkulima wa mchangani: wa mchicha, matembele, chainizi, spinachi na bamia. Wa bondeni ana shida zake, naye tutamgusa inapobidi.

Mchanga hauna akiba. Maji yanapita, mbolea ya dukani inateremka nayo, na mboji, kwa joto letu la wastani wa nyuzi 26 na kumwagilia kila siku, inaliwa na vijidudu ndani ya miezi michache. Kwa hiyo anayemwaga lori zima la samadi mara moja akitegemea limfikishe mwakani anajidanganya. Mchanga unalishwa kidogo kidogo, kila baada ya mavuno. Tuta lililotoa mboga leo lirudishiwe chakula kabla halijapandwa tena. Vipimo vyote hapa chini ni vya tuta la mita 1 kwa mita 10.

Tuta lizame au liinuke?

Picha nyingi za kilimo zinaonyesha tuta lililoinuka, na watu wanaliiga hata lisipofaa. Mchangani wakati wa kiangazi, tuta la kuinuka linakauka pande zote, kingo zinaporomoka kwenye njia, na mboji yako inaenda nazo. Kuanzia Juni hadi Septemba, na tena Januari na Februari, chimba tuta la kuzama, kama jaruba dogo: sehemu ya kupandia iwe chini ya njia kwa sentimita 5 hadi 10, na kingo zishindiliwe kwa mgongo wa jembe. Maji yanabaki pale ulipoyaweka.

Masika ya Machi hadi Mei yakikaribia, geuza. Inua tuta sentimita 15 hadi 20 mchangani, na 25 hadi 30 bondeni, ambako maji yakituama siku mbili mizizi ya mchicha inaoza. Vuli, Oktoba hadi Desemba, si mvua ya kutisha kila mwaka. Usawa wa njia unatosha.

Usilimie chini sana. Kwatua sentimita 15 hadi 20 tu. Ukifukua zaidi unapandisha mchanga mweupe usio na kitu na kufukia ule mweusi mweusi uliougharimia miezi.

Mbolea ya kuku, na kwa nini inaunguza

Mjini hapa mbolea rahisi kupatikana ni ya kuku wa nyama, kwa sababu mabanda yapo karibu kila mtaa wa pembezoni na mfugaji mwenyewe anataka iondoke. Ni mbolea nzuri na yenye naitrojeni nyingi. Lakini inakuja katika hali mbili, na kila hali ina kosa lake.

Ya kwanza ni ile mbichi, yenye unyevu na harufu kali ya kuchoma macho. Harufu hiyo ni amonia. Ukiimwaga tutani na kupanda keshoye, mbegu hazioti, au miche inaota na kukauka kuanzia ncha za majani. Dawa yake ni muda: ilundike, ilowanishe, ifunike, usubiri angalau wiki 6, na igeuze mara mbili.

Ya pili ni ile iliyojaa maranda ya mbao. Hii haiunguzi, bali inafanya mboga zidumae na kuwa njano, na mkulima anadhani ameuziwa mbegu mbovu. Ukweli ni kwamba vijidudu vinavyoozesha mbao vinahitaji naitrojeni, na visipoipata ya kutosha kwenye maranda yenyewe vinainyang'anya mimea. Chota kiganja utazame: ukiona vipande vya mbao kuliko kinyesi, usiipeleke tutani, ipeleke kwenye biwi la mboji ichanganywe na majani mabichi. Banda lililotandazwa pumba za mpunga lina nafuu. Pumba zinachelewa kuoza, lakini hazinyang'anyi kiasi hicho.

Baada ya kuiva, debe moja la mbolea ya kuku linatosha tuta zima. Moja na nusu kama tuta ni jipya kabisa. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, weka debe tatu. Wengi wanafanya kinyume, wanajaza ya kuku na kubania ya ng'ombe. Ya kuku ikizidi, majani yananenepa upesi na kuvutia vidukari, na chumvi inajikusanya juu ya udongo.

Biwi la mboji

Bila biwi utabaki kununua. Tafuta kivuli, chini ya mwembe kunafaa, na weka biwi lenye upana na urefu wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.2 hadi 1.5. Dogo kuliko hapo halipati joto.

Chini tandika vijiti au mabua ili hewa ipite. Juu yake weka tabaka la sentimita 20 la vitu vikavu (majani makavu, maranda, mabua ya mahindi), kisha sentimita 10 hadi 15 za vitu vibichi kama magugu yasiyo na mbegu, mabaki ya mboga na maganda ya ndizi, kisha sentimita 5 za samadi, na mkono mmoja wa mboji ya zamani. Nyunyizia maji kila tabaka. Rudia mpaka ufike kimo. Makumbi ya nazi yakatekate vipande vidogo, la sivyo utayakuta mwakani kama ulivyoyaacha. Mabaki ya sokoni ni bure na ni mengi, lakini yachambue kwa mkono: vipande vya mifuko na betri za tochi vikiingia havitoki tena.

Majivu ya mkaa yana faida yake, ila usiyachanganye na mbolea mbichi ya kuku. Majivu yanaifukuza naitrojeni ipae hewani kama amonia, na harufu itakwambia pesa yako inakwenda wapi. Yanyunyize kidogo kwenye mboji iliyokwisha kuiva.

Chomeka kijiti kirefu katikati ya biwi. Siku ya tatu au ya nne kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto kiasi cha kutovumilika mkononi, kazi inaendelea. Joto la nyuzi 55 hadi 65 linaua mbegu za magugu na vimelea vingi. Kikitoka vuguvugu na kikavu, ongeza maji. Kikitoka kimelowa lakini baridi, hakuna naitrojeni: ongeza samadi. Kikinuka kama choo, hewa haiingii: pindua biwi lote na changanya vitu vikavu. Unyevu unaotakiwa ni ule ambao ukifinya kiganja cha mboji linatoka tone moja au mawili, si mchirizi. Sisimizi wakihamia, biwi limekauka.

Pindua baada ya siku 10 hadi 14, yaliyokuwa nje yaende ndani, kisha kila wiki mbili. Wakati wa masika lifunike kwa turubai, kiangazi kwa makuti. Baada ya wiki 8 hadi 10 litakuwa limepungua karibu nusu, jeusi, linanukia udongo wa mvua. Weka debe tatu kwa tuta, kila mara kabla ya kupanda upya, uchanganye na sentimita 10 za juu.

Jambo moja la pwani: ukipindua ukakuta funza wakubwa weupe waliojikunja kama herufi C, wengine huwa watoto wa mende wenye pembe wanaotoboa minazi. Mende hao wanazaliana kwenye marundo ya samadi na magogo ya minazi yaliyooza. Waokote uwape kuku. Biwi linalopinduliwa kila baada ya wiki mbili haliwapi nafasi ya kukua.

Kama unalima chini ya nyaya za umeme au kiwanja cha mtu kinachosubiri ujenzi, usizike mboji ya miaka ardhini. Weka ya zao moja tu, nyingine ihifadhi kwenye viroba. Ukiambiwa uhame, unahama nayo.

Kupanda na kukuzia mchicha

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, na kosa la kawaida ni kumwaga nyingi. Kwa mchicha wa kung'oa, gramu 20 zinatosha tuta, kama vijiko vitano vya chai. Changanya na mchanga mkavu mara kumi yake, sia kwa mistari ya sentimita 15 au kwa kutawanya, kisha pitisha reki juu juu. Zikifukiwa zaidi ya nusu sentimita nyingi hazitoki. Funika kwa makuti, na kuanzia siku ya tatu chungulia asubuhi na jioni. Ukiona vichwa vyeupe vya miche, toa makuti jioni ile ile. Ukichelewa siku moja tu miche inarefuka kama nyuzi na kulala.

Siku 10 hadi 12 tangu kuota, kama tuta lilipata mboji ya kutosha, ongeza urea mara moja tu: gramu 50 kwa tuta, yaani vizibo 10 vya soda, vikiyeyushwa kwenye lita 20 za maji. Mwagilia jioni, kisha suuza majani kwa maji matupu. Urea ina naitrojeni asilimia 46, na ikibaki kwenye jani inaacha madoa ya kuungua. Kuitawanya kavu mchangani na kufuatiza maji mengi ni kuizamisha chini ya mizizi. Katika wiki ya mwisho kabla ya kuvuna usiweke kabisa, kwani naitrojeni inayobaki kwenye majani inamwendea mlaji.

Vuna siku ya 21 hadi 28. Kung'oa kunaondoka na mizizi na mchanga wake pamoja; kung'utia udongo pale pale tutani, usiuuze.

Matembele ni rahisi zaidi. Kata vipande vya mashina vya sentimita 30 kutoka kwenye mashina yasiyo na majani yaliyokunjamana, panda sentimita 20 hadi 30 kati ya mche na mche, theluthi mbili ikiwa ardhini. Mavuno ya kwanza ni wiki ya tatu au ya nne. Baada ya kila mchumo, nusu debe la mboji kati ya mashina.

Maji

Siku ya jua tuta moja linapoteza kama milimita 4 hadi 5 za maji, yaani lita 40 hadi 50. Hizo ni keni nne au tano za lita 10. Mchanga, katika sentimita 20 za juu, unaweza kushika milimita 10 hadi 15 tu za maji ambayo mmea unaweza kuyatumia. Ukimwaga keni 20 kwa mkupuo ili upumzike siku tatu, nyingi zitapita na urea yako. Gawa mara mbili: keni mbili na nusu asubuhi kabla ya saa mbili, zilizobaki jioni baada ya saa kumi. Baada ya miezi ya kulisha mboji utaona siku zenye mawingu unaweza kuruka zamu moja, na hapo ndipo mboji inaanza kurudisha gharama yake.

Matandazo yanasaidia sana, lakini si kwenye mchicha uliosiwa kwa kutawanya, hauna nafasi. Weka kwenye bamia, biringanya, nyanya chungu na matembele machanga: nyasi kavu au majani ya mpunga, unene wa sentimita 5, vidole vitatu mbali na shina. Mchwa wakija, wanafuata nyasi kavu. Ziweke zikiwa na unyevu na mwagilia juu yake.

Kisima kinaweza kuwa na chumvi bila ulimi kuijua. Angalia tuta: ukoko mweupe kwenye kingo zinapokauka, na ncha za majani ya zamani kuwa kahawia, ni dalili. Visima karibu na bahari vinazidi kuwa na chumvi mwishoni mwa kiangazi kadiri maji yanavyovutwa. Hapo achana na maharage na karoti, panda spinachi, inavumilia. Punguza na mbolea ya kuku, kwa sababu nayo ina chumvi zake, na kisima cha chumvi pamoja na mbolea ya kuku ni chumvi mara mbili. Mvua za masika zitaosha mchanga, na katika hili upitishaji wake wa maji ni baraka.

Maji ya Mto Msimbazi usimwagilie mboga za majani. Mto ule unapokea maji taka ya majumbani na viwandani. Vijidudu vya tumboni vinabaki juu ya jani, na metali nzito kama risasi na kadimiamu zinaingia ndani ya jani lenyewe. Kuosha kunaondoa vumbi na tope, hakuondoi kilichokwisha kunyonywa. Bustani iliyo kando ya barabara kubwa ikingwe kwa safu mbili za mabingobingo.

Wadudu, kwa kifupi

Mboga ya wiki nne haina muda wa sumu. Dawa nyingi za dukani zina siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo, na zikiwa 14 wakati mchicha una siku 15, dawa hiyo si ya mchicha, hata muuzaji aseme nini. Hakikisha pia kifungashio kinaonyesha usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania.

Kwa viwavi wanaokunja majani na vidukari, tumia mwarobaini. Kausha kokwa kivulini, menya, twanga, chukua gramu 500 kwa lita 10 za maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza kijiko kimoja cha sabuni ya maji. Nyunyiza jioni, chini ya majani, rudia kila siku 5 hadi 7. Jua linaivunja nguvu upesi, ndiyo sababu wanaonyunyiza saa sita mchana wanasema haifanyi kazi. Kutu nyeupe chini ya majani ya mchicha hainyunyiziwi kitu: panua nafasi na mwagilia asubuhi zaidi kuliko usiku.

Minyoo fundo

Hili ndilo linalofunga bustani za mchangani, na linapewa majina mengi: udongo umechoka, mbegu mbovu, hata mkono wa mtu. Mboga inanyauka mchana tuta likiwa na maji, jioni inaamka, na kila msimu inazidi kuwa fupi. Ng'oa polepole kwa uma, usivute, na suuza mizizi kwenye ndoo. Ukiona mafundo kama shanga zilizovimba ndani ya mzizi, ni minyoo fundo, vijinyoo visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye mizizi. Kwenye kunde usichanganye na vinundu vyake vya kawaida: kinundu kinabanduka kwa ukucha na ndani ni chekundu chekundu, fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, halibanduki.

Kwa joto letu mnyoo unakamilisha maisha yake karibu wiki 4. Ndiyo maana mchicha unaong'olewa na mizizi siku ya 21 unaleta madhara machache kuliko ule unaokatwa na kuachwa uchipue miezi mitatu. Bamia ndiyo inayoilea minyoo hii kuliko zote. Nyanya, biringanya na nyanya chungu zinafuata. Usizipandie tuta moja kwa kupokezana ukaita mzunguko, minyoo haioni tofauti. Mizizi yenye mafundo usiitupe kwenye biwi: ianike juani mpaka ikauke kabisa, uichome.

Tuta lililoathirika lipandie marejea, mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha udongo, gramu 40 za mbegu. Minyoo inaingia kwenye mizizi yake lakini haizaliani vizuri humo. Wiki ya sita hadi ya nane, maua yakianza na kabla maganda hayajashika, yakate, yakatekate na kuyachanganya na udongo. Subiri wiki mbili hadi tatu kabla ya kusia. Unapata pia naitrojeni ya bure.

Njia ya pili ni ya Januari na Februari: lima tuta, lilowanishe kwa kina, lifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, fukia kingo zote zisipitishe hewa, uache wiki 4 hadi 6. Joto linapanda chini ya nailoni na kuua minyoo ya juu. Iliyo chini zaidi inabaki, kwa hiyo baada ya kufunua usilime kwa jembe, sia juu juu tu. Jembe na ndoo zikitoka tuta bovu zioshwe kabla ya kuingia zima, na miche ya kuomba kwa jirani isuuzwe mizizi na kutazamwa.

Katika kila mavuno, ng'oa mimea mitano kutoka sehemu tofauti za tuta, suuza mizizi, hesabu yenye mafundo. Mmoja kati ya mitano, endelea na mchicha wa kung'oa. Mitatu au zaidi, zao linalofuata ni marejea.